Shajara ya mradi: jedwali la maneno ya ukoo katika lugha za Nordiki

8 Septemba 2024: Mwanzo

Ninachotengeneza ni karatasi moja ya ukutani: mti wa ukoo wenye visanduku, kila kisanduku na neno la Kiswahili juu, chini yake Kiswidi, Kidenmark, Kinorwei, Kiaislandi na Kifaroe, halafu pembeni Kifini na Kisami cha Kaskazini, lugha ya Wasami, wenyeji asilia wa kaskazini. Nyuma ya karatasi yatakaa maelezo mafupi ya asili ya maneno na sarufi yake. Watakaoitumia ni wazazi wanaozungumza Kiswahili hapa Malmö, Uswidi, na ng'ambo ya daraja, Copenhagen, Denmark. Mtoto anarudi kutoka shule anamwita mdogo wake mama *moster*, na mama mtu hajui kama hapo pana heshima au hapana. Walimu wa lugha mama nao wanataka kitu cha kubandika darasani, kwa kuwa shule za Uswidi zina utaratibu wa kumfundisha mtoto lugha ya nyumbani kwao.

Vifaa ni vya bure. LibreOffice Calc kwa jedwali. Kwa Kiswidi ninatumia SAOB, kamusi kubwa ya Akademia ya Uswidi, ambayo juzuu yake ya kwanza ilitoka 1898 na ya mwisho 2023. Kwa Kidenmark, ordnet.dk. Kwa maumbo ya Kiaislandi, hifadhi ya BÍN ya Taasisi ya Árni Magnússon. Kwa Kisami, kamusi za Giellatekno za Chuo Kikuu cha Tromsø. Anayetaka kurudia kazi hii Ujerumani au Uholanzi abadilishe safu za lugha tu.

29 Septemba 2024: Jedwali la kwanza limevunjwa

Toleo la kwanza lilianzia kwenye neno: safu A "mjomba", safu B tafsiri. Halikufika mbali. Kamusi ndogo zinakupa "mjomba = onkel" na kukuacha hapo. Kwa Kidenmark na Kinorwei cha leo hakuna ubaya, maana *onkel* humbeba kaka wa baba na kaka wa mama kwa pamoja, na *tante* vivyo hivyo kwa dada zao. Kiswidi kinatenganisha kama sisi: *farbror* ni kaka wa baba, *morbror* kaka wa mama, *faster* dada wa baba, *moster* dada wa mama. Kwa hiyo mjomba ni *morbror*, shangazi ni *faster*, basi.

Kwa babu na bibi Waswidi wamekaza zaidi. Hawana neno la kila siku la "bibi" lisilotaja upande. Ama ni *farmor*, mama wa baba, ama *mormor*, mama wa mama. Babu ni *farfar* au *morfar*. Mnyororo huu unaendelea upendavyo: *mormors morfar* ni baba wa mama wa mama wa mama yako, na Mswidi anaufuata bila kushika kalamu. Wadenmark wana mlango wa pili, *bedstemor* na *bedstefar*. Wanorwei *bestemor* na *bestefar*. Aislandi ni *amma* na *afi*, Faroe *omma* na *abbi*, upande wowote.

Marekebisho yaliyookoa kazi: safu A si neno tena, ni njia. Kila kisanduku kina anwani yake, kama "mama > kaka" au "baba > dada > mtoto". Lugha ikiwa na neno la njia hiyo, linaingia. Isipokuwa nalo, kisanduku kinaunganishwa na jirani yake.

Faida ilionekana siku hiyohiyo. *Syskonbarn* ya Kiswidi na *søskenbarn* ya Kinorwei ni neno moja lililoandikwa kwa tahajia mbili, "mtoto wa ndugu". Kwa Mswidi wa leo huyo ni mtoto wa ndugu yako, yaani mpwa au mtoto wa kaka. Kwa Mnorwei ni binamu: nyinyi wawili ni watoto wa ndugu wawili. Jedwali la maneno lingewaweka kisanduku kimoja na kumpoteza mtu kizazi kizima. Jedwali la njia liliwatenga lenyewe.

Upande mmoja Kiswahili ndicho kinachodai zaidi. "Mdogo wangu" kwetu haisemi kama ni wa kike au wa kiume, inasema nani alitangulia kuzaliwa. Kiswidi lazima kiseme jinsi kwanza, kisha kiongeze umri mbele: *lillebror*, *lillasyster*, *storebror*, *storasyster*. Neno moja la "mdogo" halipo katika lugha yoyote kati ya zile tano za jamii ya Kiswidi. Kisanduku kimegawanywa kwa mstari wa mshazari.

Kando kidogo: mtoto wa Kiswidi anaweza kumwita mzee asiyemjua *farbror*. Mitaani kwetu mzee huyo angeitwa mjomba. Heshima ileile, wao wanampachika upande wa baba, sisi upande wa mama.

20 Oktoba 2024: Rangi tatu za asili

Nyuma ya karatasi kila neno lina rangi: kijani kama limerithiwa, njano kama limeundwa kwa kuunganisha maneno ya nyumbani, nyekundu kama limekopwa.

Baada ya kupaka, ramani ilijichora. Katikati ni kijani kitupu. Baba, mama, kaka, dada, mwana na binti katika Kinordiki cha kale ni *faðir, móðir, bróðir, systir, sonr, dóttir*, na wana ndugu zao katika Kigiriki na Kisanskriti, baadhi hata katika Kilatini. Mdenmark Rasmus Rask, aliyeishi Aislandi kati ya 1813 na 1815, alichapisha mwaka 1818 utafiti uliopanga ulinganifu huu wa sauti: penye p ya Kilatini, kama *pater*, Kinordiki kina f. Mjerumani Jacob Grimm alikuja na kanuni yake 1822, na jina likabaki kwake.

Ukitoka katikati unaingia kwenye njano: *farbror*, *mormor*, *barnbarn* (mtoto wa mtoto, yaani mjukuu). *Faster* na *moster* nazo zilipakwa kijani mwanzoni kwa sababu zinaonekana maneno mazima. Si hivyo. Ni "dada wa baba" na "dada wa mama" zilizosagika kwa karne nyingi. Kiaislandi bado kinaandika kwa urefu, *föðursystir* na *móðursystir*. Zimehamishiwa njano.

Ukingoni ni nyekundu. *Onkel*, *tante*, *kusin*, *kusine*, *nevø* zote chanzo chake ni Kifaransa, baadhi zikiwa zimepitia Ujerumani. *Svåger* au *svoger* (shemeji), *sviger-* ya Kidenmark na Kinorwei (wakwe), hata *beste-* ya *bestemor*, zimetoka Kijerumani cha Chini, lugha ya wafanyabiashara wa Hansa (muungano wa miji ya biashara) waliotoka Lübeck na kujaa Bergen, Visby na Stockholm katika Zama za Kati. Wageni walioa Visby na Stockholm, na mtu akioa, mashemeji na wakwe ndio wa kwanza kuhitaji jina.

Neno la binamu wa kiume, *fætter* au *fetter*, lina historia ya kuchekesha. Katika Kijerumani hicho lilimaanisha kaka wa baba, nalo limetokana na neno la baba. Likateremka kizazi kimoja, likawa binamu. Binamu yetu nayo ni *ibn amm* ya Kiarabu, mtoto wa ami. Pwani ya Baltiki na pwani ya Bahari ya Hindi zote zimechukua neno la binamu kutoka kwa wageni wa bandarini, na yote mawili yametokea kwa kaka wa baba.

Nikaandika nyuma ya karatasi: "Ukopaji huanzia ukingoni mwa ukoo, katikati hapakopwi." Sentensi hiyo haikudumu. Tazama Februari.

27 Oktoba 2024: Mfano uliokataa

Nilitaka pia kisanduku kidogo cha Karl Verner, mwanaisimu mzaliwa wa Aarhus, Denmark, kwa sababu ugunduzi wake unapita ndani ya maneno haya haya. Kanuni ya Grimm inasema t ya kale igeuke þ (th ya thelathini). Baba, mama na kaka wote walikuwa na t katikati. Mbona basi katika lugha kongwe kama Kigothi baba ni *fadar* na kaka ni *broþar*? Verner alijibu katika makala aliyoichapisha 1877: angalia mkazo katika Kisanskriti. Katika *bhrā́tar* mkazo uko kabla ya t, katika *pitár* uko baada yake. Penye mkazo uliotangulia, þ ilisalimika; kwingineko ikalainika kuwa d.

Mfano nilioupanga ulikuwa wa Kiaislandi, na haufai kabisa: *faðir, móðir, bróðir*, zote zina ð (dh ya dhahabu). Katika lugha za Nordiki þ ya katikati ya neno ililainika baadaye kwa wote, ikafuta alama ambazo Verner alizihitaji. Kiswidi na Kidenmark ndio kabisa, konsonanti yenyewe imekwisha liwa: *fader* ikawa *far*, *moder* ikawa *mor*. Ushahidi unaoonekana kwa macho leo uko Ujerumani: *Vater* na *Mutter* zina t, *Bruder* ina d. Kwa hiyo kisanduku cha mwanaisimu wa Kidenmark kina mifano ya Kijerumani. Imebidi.

Jambo jingine lililojitokeza hapo: t ya *syster* ni mgeni. Neno la kale halikuwa nayo (Kilatini *soror*, Kisanskriti *svasar*). S na r zilipokutana, ulimi ukaingiza t katikati ili upite.

17 Novemba 2024: Wingi, na maumbo yaliyopikwa

Safu ya wingi ilijazwa kwanza kwa fomula: umoja jumlisha kiambishi. Matokeo yalikuwa takataka. Maneno haya sita ndiyo yanayokataa kanuni kuliko karibu yote mengine katika lugha hizi, na mengi yao yanakataa kwa namna moja: irabu ya ndani inageuka. Kiswidi *far – fäder*, *bror – bröder*, *mor – mödrar*, *dotter – döttrar*, *son – söner*. Kidenmark *far – fædre*, *mor – mødre*, *bror – brødre*, *datter – døtre*. Kiaislandi *faðir – feður*, *móðir – mæður*, *bróðir – bræður*, *dóttir – dætur*.

Sababu yake: zamani kiambishi cha wingi kilikuwa na i. Irabu ya shina iliisogelea ile i kabla haijafika, kisha i yenyewe ikaanguka, na irabu ikabaki pale iliposogezwa. Sisi tunayo alama ya jamaa hiyo katika jino na meno: ma- na -ino zilikutana, zikawa me-, na leo hakuna anayeona kiungo. Ndivyo nilivyoeleza nyuma ya karatasi, na wazazi wa kwanza walioisoma hawakuuliza tena.

Wasichana wa Kiswidi wana kitu cha ziada. *Mödrar* na *döttrar* zimeongezewa -ar juu ya mabadiliko ya ndani, na *systrar* ina -ar bila mabadiliko hayo. *Fäder* na *bröder* hazikuongezewa. Kidenmark kinawapa wote -re.

Kiaislandi ndicho kilichokula muda. Kina hali nne za nomino, yaani maumbo yanayobadilika kwa kazi ya neno katika sentensi, na katika umoja maneno haya yana umbo moja la kiima na umbo jingine moja kwa hali tatu zilizobaki: *bróðir* ni kiima, *bróður* ni kwingine kote. "Nina kaka" ni *ég á bróður*. Waaislandi wenyewe wanateleza, wanasema *bróðirs* kwa umilikishi wakifuata maneno mengine ya kiume, na walimu wao wanawasahihisha. Fomula yangu nayo ilizalisha *bróðirs* safu nzima. Nimefuta fomula zote za Kiaislandi na kunakili kwa mkono kutoka BÍN. Anayefuata kazi hii asijaribu njia ya mkato hapo.

Neno *son* lina mkondo wake: *sonur, son, syni, sonar*, wingi *synir, syni, sonum, sona*.

8 Desemba 2024: Visanduku vya watu wawili

Mti wangu haukuwa na nafasi ya maneno manne ya Kiaislandi ambayo hayamtaji mtu mmoja hata kidogo. *Feðgar* ni baba na mwanawe wa kiume kwa pamoja. *Mæðgur* ni mama na binti yake. *Feðgin* ni baba na binti, *mæðgin* mama na mwana wa kiume. Lugha nyingi huhitaji sentensi. Mwaislandi anasema "wamekuja mæðgin", unajua nani na nani.

Uzuri wake uko kwenye ngeli. Kiaislandi kina tatu: ya kiume, ya kike, na ya tatu isiyo hii wala ile. *Feðgar* ni ya kiume, *mæðgur* ya kike. Mara kundi likichanganya mwanamume na mwanamke, linaingia ngeli ya tatu: *feðgin*, *mæðgin*, *systkini* (ndugu wa tumbo moja, wa kike na wa kiume), *hjón* (mume na mke). Lugha nyingi za Ulaya zenye ngeli za jinsia huwahesabu wote kuwa wa kiume akiwepo mwanamume mmoja. Huku hapana.

Kuhesabu pia kunabadilika. "Mume na mke" mara mbili si *tvö hjón* bali *tvenn hjón*, kwa namba maalumu za vitu vinavyokwenda kwa jozi. Jozi mbili za mama na binti ni *tvennar mæðgur*.

Suluhisho la mchoro: mistari inayounganisha visanduku sasa ina majina. *Mæðgin* limeandikwa juu ya mstari wenyewe, kati ya mama na mwana. Ilibidi kuupanua mti wote, na ukubwa wa A3 ukaacha kutosha. Sasa ni A2, na gharama imepanda.

19 Januari 2025: "Yangu" inakaa wapi

Hii ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote.

Lugha hizi huweka kitambulishi mwishoni mwa nomino: Kinorwei *bok* ni kitabu, *boka* ni kitabu kile tunachokijua. "Kitabu changu" huwa *boka mi*, na kitambulishi hakiachwi. Mama yangu je? *Mor mi*. Baba yangu, *far min*. Kitambulishi kimetoweka. (Siku hizi utasikia pia *moren min*, lakini umbo fupi liko hai na ndilo kongwe.) Kiaislandi vilevile: *bókin mín*, ila *móðir mín*, *bróðir minn*. Na rafiki anaingia kundi hilohilo, *vinur minn*.

Msomaji wa Kiswahili hapa anajitambua. Kwetu pia jamaa wana sarufi yao penye umiliki. Tunasema "baba amekuja" kama mtu yeyote wa ngeli ya a-wa, lakini "baba yangu", "ndugu zangu", "rafiki zangu", si "wangu" wala "wangu hao". Na jamaa ndio wanaoruhusiwa kushikana na kimilikishi: babangu, mamaye, mwanangu, nduguze. Hakuna anayesema "kitabungu". Kifini nacho kinashikisha, *isäni* babangu, *äitini* mamangu, ingawa chenyewe kinafanya hivyo kwa vitu vyote.

Umri wa utaratibu huu umeandikwa kwenye jiwe. Huko Jelling, Denmark, Mfalme Harald Blåtand alisimamisha jiwe karibu mwaka 965 kwa kumbukumbu ya wazazi wake, Gorm na Thyra. Herufi za runi, maandishi ya kale ya Nordiki, zinasomeka: *aft kurm faþur sin auk aft þąurui muþur sina*, "kwa ajili ya Gorm babaye na kwa ajili ya Thyra mamaye". Yote ya Novemba na Januari yamo katika mstari huo: umbo la *-ur* la hali isiyo ya kiima, kimilikishi kikifuata nyuma, na nomino bila kitambulishi. Nimeuweka mstari huu juu kabisa ya karatasi badala ya kichwa.

Hiyo *sin* ilihitaji maelezo yake. "Ali alimpenda mama yake" kwa Kiswahili inaweza kuzua ugomvi: mama wa nani? Lugha hizi zinamaliza ugomvi mapema, *sin mor* ni mama yake mwenyewe, *hans mor* ni mama wa mwanamume mwingine. Wakiwa wengi Wadenmark wanajitenga: Mswidi na Mnorwei husema bado *sin*, Mdenmark husema *deres*, na utata wetu unarudi.

16 Februari 2025: Majirani wanavunja kanuni

Kifini na Kisami si wa jamaa ya Kiswidi. Ni wa ukoo wa Kiurali. Nilidhani safu zao zingekuwa za pembeni, za kujaza haraka. Zimechukua mwezi.

Kwanza Kifini. Neno la mama, *äiti*, lilikopwa kutoka kwa Wajerumani wa kale (Kigothi *aiþei*). Neno la asili, *emä* au *emo*, limesukumwa likawa la mama wa wanyama. *Sisar*, dada, na *tytär*, binti, zimetoka lugha za Baltiki, jamaa ya Kilithuania. Mama, dada na binti, wote wamekopwa, katikati kabisa ya mti. Sentensi yangu ya Oktoba ilikuwa kweli kwa Denmark na Uswidi, ikafa ilipovuka Ghuba ya Bothnia. Nimeifuta. Nakala za majaribio zilizochapishwa nayo ziko kabatini, nyuma zinatumika kama karatasi ya hesabu. Na mkopo haukwenda upande mmoja tu: *pojke*, mvulana kwa Kiswidi, ni *poika* ya Kifini.

Kisami cha Kaskazini kilinifanya niite watu waje waone skrini. Kaka mkubwa wa baba: *eahki*. Kaka mdogo wa baba: *čeahci*. Dada mkubwa wa mama: *goaski*. Dada mdogo wa mama: *muoŧŧá*. Dada wa baba: *siessá*. Kaka wa mama: *eanu*. Msome tena mkijaza Kiswahili: baba mkubwa, baba mdogo, mama mkubwa, mama mdogo, shangazi, mjomba. Sita kwa sita, na umri unatajwa palepale tunapoutaja sisi, unaachwa palepale tunapouacha. Visanduku nilivyokuwa nimeviunganisha kwa ajili ya lugha zote za Nordiki vimefunguliwa tena. Mfugaji Msami wa reinidia (kulungu wa nchi za baridi) huko Karasjok, kaskazini mwa Norwei, angeelewa msiba wetu bila mkalimani: nani akae wapi na nani atoe nini.

Hatari ya upande mwingine: Kifaroe kina *babba*, baba, na watu wawili tayari wameniuliza kama ni Kiswahili. Siyo. Mtoto mchanga duniani kote huanza na midomo, ba, ma, pa, na wazazi kila mahali hudhani wameitwa. Mwanaisimu Roman Jakobson aliliandika hili kwa kina mwaka 1960. Maneno ya kitoto (*mamma, pappa, pabbi, babba*) yana rangi yake, kijivu, na chini yake maandishi: "Kufanana hapa si udugu."

9 Machi 2025: Kuchapa

Nakala ya kwanza ya A2 ilitoka duka la kuchapa ikiwa na viboksi vitupu penye ŧ na č, na *bróðir* ikiwa na pengo katikati. Fonti niliyotumia haikuwa na herufi hizo. Kwenye kompyuta yangu programu iliazima fonti nyingine kimyakimya, dukani haikuazima. Dawa: maandishi yote kwa Noto Sans, kisha kuhifadhi kama PDF yenye fonti ndani yake, kisha kuifungua PDF kwenye simu ya mtu mwingine kabla ya kulipa.

Kupanga kwa alfabeti kulikuwa na visa vyake. Kiswidi humaliza na å, ä, ö. Kidenmark na Kinorwei na æ, ø, å. Kiaislandi na þ, æ, ö. LibreOffice ina sehemu ya kuchagua lugha ndani ya mipangilio ya kupanga, nayo lazima ibadilishwe safu kwa safu. Usipange safu zote kwa pamoja, utaitenganisha njia na maneno yake.

Gharama hadi leo: nakala iliyoharibika krona 120, nakala nzuri 120, kuiwekea plastiki 60, kamusi ya mtumba ya Kinorwei 80. Jumla 380. Saa zangu hazimo.

30 Machi 2025: Majina ya watu

Wazazi waliuliza jina la ukoo liandikwe wapi kwenye kisanduku cha Kiaislandi. Jibu ni kwamba kwa wengi halipo. Mtoto anachukua jina la baba katika umbo la umilikishi, likifuatwa na *-son* au *-dóttir*. Rais wa nchi hiyo kuanzia 1980 hadi 1996 aliitwa Vigdís Finnbogadóttir: baba yake Finnbogi, umilikishi Finnboga. Snorri Sturluson, mwandishi wa Zama za Kati, ni mwana wa Sturla. Anayetaka hutumia jina la mama, kama mwanasoka Heiðar Helguson, mwana wa Helga. Tangu sheria ya 2019 kuna pia *-bur* kwa asiyejiandikisha kuwa mwanamume wala mwanamke. Aliyekulia na Ali bin Said na Asha binti Juma haelezwi mara mbili.

Nchi nyingine majina yaliganda. Denmark ilianza kudai jina la kudumu kwa amri ya 1828, Uswidi 1901, Norwei 1923. Aislandi ikaenda kinyume, mwaka 1925 ikapiga marufuku majina mapya ya ukoo. Ndiyo maana leo kuna wanawake wengi wa Kidenmark waitwao Jensen, mwana wa kiume wa Jens.

27 Aprili 2025: Jaribio, na kilichobaki

Kupima kama jedwali linafanya kazi, nimelipeleka kwenye maandishi magumu kuliko yote niliyoyajua: runi za Hillersjö, katika Uppland, mkoa wa Uswidi wenye mawe ya runi zaidi ya 1,000. Maandishi hayo ni kesi ya mirathi. Geirlaug aliolewa akiwa binti, akazaa mwana. Mumewe alizama majini, kisha mwana akafa. Akaolewa tena, na kati ya watoto akabaki mmoja, Inga. Inga akaolewa na Ragnfast wa Snottsta, wakapata mwana; baba akafa, mwana akafa, mama akamrithi mwanawe. Inga akaolewa na Eirik, kisha Inga naye akafa. Hapo Geirlaug akamrithi binti yake.

Mali ilipanda juu kutoka kwa mjukuu hadi kwa bibi, hatua kwa hatua, na kila hatua ina neno la ukoo linaloibeba. Aliyewahi kukaa kwenye kikao cha kugawa mirathi atajua kwa nini walichonga mwambani. Jedwali lilifuata njia zote bila kukwama, ila sehemu moja: halikuwa na kisanduku cha mume wa pili.

Kwa hiyo toleo la pili lina familia za kambo. *Styvmor* na *styvfar* za Kiswidi, *stjúpmóðir* ya Kiaislandi. *Stjúp-* asili yake ni kunyang'anywa, kufiwa; mtoto wa kambo wa mwanzo alikuwa yatima. Siku hizi wazazi wengi wa Kiswidi wanalikwepa neno hilo na kusema *bonusmamma*, *bonuspappa*, na watoto wanalitumia bila kucheka. Nimeliweka kwa mstari wa nukta chini ya mama wa kambo, rangi nyekundu, kwa kuwa *bonus* ni Kilatini.

Bado: safu ya Nynorsk, Kinorwei cha pili cha maandishi, ambayo ina *syster* na *dotter* kama Waswidi, upande wa wakwe wa Kiaislandi, ambao wana *svilar* kwa wanaume wawili waliooa dada na mdogo wake, na kitukuu, kilembwe na kilembwekeza, ambao Kiswidi kinawaeleza kwa kurudia *barn* hadi pumzi iishe. Mavyaa na bavyaa nimewaandika kwa Kiswahili cha pwani. Wasomaji wa bara wanaotumia mama mkwe na baba mkwe waandike hivyo kwenye nakala zao, nafasi imeachwa.

Karatasi ya A2 inabaki. Duka linachapa Jumanne na Alhamisi.